Piza ya Forodhani na maksi tatu



Kila likizo ikikaribia napata swali lile lile kutoka kwa vijana wanaopanga safari ya Zanzibar: "Frateri, piza nzuri kuliko zote inapatikana wapi?" Wananiuliza mimi kwa sababu wamesikia kwamba nilipokuwa Unguja nilizunguka na daftari, nikionja piza meza kwa meza. Ni kweli. Nitajibu, tena kwa kirefu, maana chakula kizuri ni jambo la kumshukuru Mungu na sioni sababu ya kulionea haya. Ila daftari lenyewe lina kurasa za mbele na kurasa za nyuma, na siwezi kuwasimulia za mbele peke yake.

Nilifika Unguja kwa mwaka wa kichungaji, nikiwa nimetoka tu kumaliza shahada ya falsafa. Mnaojua maisha ya seminari mnajua maana yake: kichwa kimejaa Aristotle na Thomas wa Akwino, na mtu anafika parokiani akidhani watu wanamsubiri awafafanulie uwepo wa Mungu kwa njia tano. Paroko hakunipa njia tano. Alinipa kazi mbili za vijana. Ya kwanza ilikuwa orodha ya majina kumi na manne ya vijana waliopotea, yaani walikuwa wanakuja, wakaacha kuja, simu hawapokei. "Watafute," aliniambia, basi. Ya pili: vijana arobaini wa parokia moja ya Dar es Salaam walikuwa wanakuja na boti kwa hija ya siku mbili, na mimi nilitakiwa kupanga ratiba yao na chakula chao cha jioni ya kwanza.

Nikanunua daftari moja dogo la kuingia mfukoni. Orodha ya waliopotea nikaiandika nyuma. Mbele nikaandika: PIZA.

Sasa tuelewane kuhusu piza yenyewe. Mji Mkongwe una piza za namna mbili. Kuna ile ya Kiitaliano, ya tanuri, utaipata kwenye mikahawa ya upande wa Shangani wanakokaa watalii. Hiyo ni ya duara, nyanya na jibini juu, na bei yake kwa mfuko wa frateri ni ya kuonja mara moja kwa msimu. Nilionja mbili. Moja ilikuwa ya kawaida. Nyingine ilikuwa nzuri kwelikweli, ukingo umefura na kubabuka kidogo, katikati nyembamba, na walituwekea basili mbichi juu. Kwa watu arobaini isingewezekana, paroko angenirudisha bara na boti ya asubuhi.

Lakini mtu wa bara akisema "piza ya Zanzibar" ana maana nyingine kabisa. Hiyo haijui tanuri. Ni ndugu wa mantabali, chakula cha siku nyingi cha Waswahili wa visiwani, na jina hilo limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kitu kilichokunjwa. Wayemeni wanacho, na ndugu zake wamefika mpaka Malaysia na Indonesia, huko wanaita murtabak au martabak. Fundi anachukua donge la unga wa ngano lililolala kwenye mafuta, analipigapiga na kulivuta juu ya meza mpaka linakuwa jembamba kiasi cha kuona kivuli cha vidole chini yake. Katikati anaweka kipande kingine kidogo cha unga ili pasitoboke. Kisha nyama ya kusaga, vitunguu, pilipili boga, kijiko cha mayonezi, jibini kidogo, anavunja yai juu yake, anachanganya harakaharaka, anakunja pande nne kama bahasha na kuitupa juu ya tava lenye samli. Dakika chache tu. Kuna na ya tamu, ya ndizi na chokoleti, ambayo mimi naiheshimu kwa mbali.

Mahali pake ni bustani ya Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe na Beit el Ajaib, lile jumba ambalo sehemu yake iliporomoka siku ya Noeli ya 2020. Bustani ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Jua likizama meza zinapangwa, taa zinawashwa, na unasikia harufu ya mishikaki, pweza, urojo na miwa inayokamuliwa kwa ndimu na tangawizi. Kila muuza piza atakwambia yeye ndiye namba moja. Wengine wameandika hivyo kabisa kwenye kibao.

Basi namna ya kuchagua ni hii. Usiangalie kibao, angalia mikono. Simama pembeni dakika tano kabla hujaagiza. Kama fundi anavunja yai mbele yako, kaa. Kama ana bakuli kubwa la mchanganyiko ulioshinda na mayai yake kwenye joto, sogea mbele. Angalia anavyopindua: aliyezoea anapindua mara moja au mbili, asiye na uhakika anapindua kila saa kama mtu anayetafuta ufunguo chini ya godoro. Tava lisiwe na moshi mweusi. Uliza bei kwanza, tena kwa Kiswahili na kwa salamu, maana ukianza kwa Kiingereza utalipa kwa Kiingereza. Na ukiona wenyeji wamekaa kwenye benchi na watoto wao, wanakula bila kupiga picha, hapo umefika.

Kwa njia hiyo nilimpata mzee mmoja. Meza yake haikuwa na kibao chochote. Alikuwa hasemi sana, unga wake ulikuwa mwembamba kama karatasi ya ostia, nadhani mtanisamehe mfano huo, na piza yake ilikuwa imekauka nje na laini ndani, jibini limeyeyuka mpaka kwenye kona. Nikaandika: 9. Moja nikaibakiza kwa sababu hakuwa na pilipili ya kutosha. Nikamaliza kuila, nikaenda meza nyingine kuendelea na utafiti.

Hapo ndipo tatizo lilipoanzia, na sikuliona. Mzee yule nilimpata wiki ya pili. Kazi ilikuwa imekwisha. Nilikuwa na mahali pazuri, bei nafuu, nafasi ya watu arobaini kukaa ukutani na kutazama bahari. Lakini nilikuwa nimenogewa na kutoa maksi. Nilikuwa natuma matokeo kwenye grupu la vijana la WhatsApp, picha na namba, na vijana wanasubiri kama matokeo ya kidato cha nne. "Frateri leo vipi?" "Frateri, mpe sita huyo!" Kwa mara ya kwanza tangu nifike walikuwa wananisikiliza. Mafundisho yangu ya Alhamisi walikuwa wanakuja saba. Piza walikuwa wanaisoma wote.

Na kutoa maksi ni tabia inayoenea. Nilianza kuwapa maksi kimoyomoyo wasomaji wa Misa. Nikaipa kwaya. Nikampa paroko mahubiri yake ya Dominika, sitawaambia ngapi. Usiku nikawa najipima mwenyewe na wenzangu niliosoma nao falsafa, nani yuko parokia bora, nani anapata uzoefu bora, na kama kweli nilichagua kilicho bora au kuna kitu bora zaidi nilikikosa. Kurasa za mbele za daftari zilikuwa zimejaa mpaka katikati. Za nyuma zilikuwa na alama tatu tu za vijana niliowapata. Wengine nilikwenda vyumbani kwao mara moja, mara mbili, Jang'ombe na kwingineko, nikaambiwa "hayupo, anashinda kazini," nikarudi.

Ikafika jioni moja ya wiki ya tano. Nilikwenda meza moja ambayo sikuwahi kuigusa. Alikuwepo kijana wa umri wangu hivi, peke yake. Donge lilichanika mara mbili. Yai lilimwagika ubavuni likaungulia kwenye tava. Nilipokata katikati, ndani kulikuwa kubichi. Nikapiga picha ya sahani, na ya fundi pia, ameinamia tava, uso nusu unaonekana. Nikaandika chini yake: "3 kati ya 10. Unga umechanika, yai bichi, fundi hana habari. Hapa msikanyage." Nikatuma palepale nikiwa nimesimama. Vicheko vikamiminika, kila aina ya kikatuni cha kucheka machozi. Katikati ya vicheko kukawa na mstari mmoja mdogo wa kijivu, ule ambao WhatsApp ulikuwa unauweka wenyewe wakati ule: namba fulani ameondoka. Niliuona. Niliupita kama mlivyokuwa mnaupita ninyi.

Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, dada mmoja wa sauti ya kwanza alinifuata nikiwa nafunga madirisha. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Frateri, yule uliyempa tatu unamfahamu?"

Nikasema simfahamu.

"Ni yule mwenzetu wa besi. Yumo kwenye orodha yako."

Nikatoa daftari. Namba kumi na moja. Kijana wa kutoka bara aliyeimba besi miezi miwili kabla mimi sijafika, kisha akapotea. Sikuwahi kuonana naye ana kwa ana. Nilikwenda chumbani kwake mara mbili na kumkosa, nikaweka alama ya kuuliza mbele ya jina. Alikuwa bado yumo kwenye grupu, kimya, kama walivyo wengi, anasoma bila kujibu. Mpaka alipojiona.

Yaani daftari ni lile lile. Nilimwandika mbele na nyuma, na baina ya jina lake na maksi zake kulikuwa na karatasi zisizofika thelathini.

Nitasema kitu hapa kwa sababu najua wengine mtanitetea. Mtasema piza ilikuwa mbaya kweli, na ukweli ni ukweli. Sawa. Ilikuwa mbaya. Injili yenyewe haina shida na mtu anayejua kuonja. Pale Kana, Yohane sura ya pili, kuna mtu ambaye kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: msimamizi wa karamu. Anaonja ile divai na kusema wazi kwamba ni nzuri kupita ya mwanzo, na alikuwa sahihi kabisa. Hakuna anayemkemea. Lakini Mwinjili anaongeza jambo ambalo mimi nilikuwa nalipita kila mwaka: msimamizi hakujua ilikotoka. Watumishi waliochota maji ndio walijua. Yale mabalasi yalikuwa sita, na kwa vipimo vya siku hizi kila moja lilichukua lita 80 hadi 120 hivi. Hebu fikiria kazi ya kuyajaza kwa ndoo mpaka juu. Mikono yao ndiyo iliyojua. Msimamizi alikuwa na ulimi mzuri tu. Alionja muujiza wa kwanza wa Bwana akautolea maksi, na hatusikii kwamba aliuliza nani amefanya.

Mimi nilikuwa msimamizi wa karamu Forodhani kwa wiki tano. Nilijua ladha ya meza kumi na saba. Sikujua jina la mtu hata mmoja, wala la yule mzee wa tisa.

Usiku ule sikulala vizuri. Kwenye nyumba ya mapadre kulikuwa na Biblia kuukuu, ile tafsiri ya zamani, karatasi zimegeuka rangi ya chai. Nikaifungua kwenye Mathayo sura ya tisa, mwito wa Mathayo mwenyewe, kwa sababu nilitaka kusoma kitu kuhusu watu walioitwa na si kuhusu watu wanaoita. Mnaifahamu habari: Yesu anapita, anamwona mtu yuko kazini kwake, anakusanya ushuru, anamwambia amfuate. Biblia ya siku hizi inasema alikuwa kwenye nyumba ya ushuru au maneno ya namna hiyo. Ile ya zamani inasema Mathayo alikuwa ameketi forodhani.

Nilisoma tena. Forodhani.

Si muujiza, najua. Forodha ni neno la kawaida, ni mahali pa kulipia ushuru wa mizigo inayotoka baharini, na bustani ile ina jina hilo kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi ya ufuko ule zamani. Lakini mimi nilikuwa nimekaa na daftari mapajani, nikaliona neno lile kama mtu amelitamka chumbani. Yesu alipita forodhani na kumwona mtu. Neno la kwanza ni hilo, alimwona. Na meza ya Mathayo, kama ni kutoa maksi, ilikuwa ya ovyo kuliko zote pale mjini: anatumikia Warumi, anawakamua ndugu zake, watu wa dini wanapita upande wa pili. Angepata sifuri, tena sifuri ya haki. Yesu haisemi meza ile ni nzuri. Anamtazama aliyekaa nyuma yake. Na baada ya hapo wanakwenda kula nyumbani kwa Mathayo, pamoja na watu wengine wa maksi za chini, na hatuambiwi hata neno moja chakula kilikuwaje.

Papa Fransisko alikuwa anapenda sana habari hii. Mwaka 1953, siku ya sikukuu ya Mtakatifu Mathayo, tarehe 21 Septemba, akiwa kijana ambaye hajatimiza hata miaka kumi na saba, aliingia kanisani kwao Buenos Aires, akaenda kuungama, na akatoka akijua kwamba ameitwa. Alisema hivyo mwenyewe mara nyingi. Hakuwa amekwenda kutafuta mwito bora. Alikuta amekwisha kutazamwa.

Kesho yake, Dominika jioni, nikaenda. Nilikuwa nimeifuta ile picha, ingawa wote tunajua kufuta picha kwenye grupu la watu themanini ni sawa na kufunga zizi mbuzi wameshatoka. Nilikuwa nimeandika pia ujumbe wa kuomba radhi, mbele ya wale wale waliocheka. Wachache walijibu. Wengine waliona aibu pamoja nami, nadhani.

Alikuwepo, ameinamia tava. Aliniona, akaendelea na kazi. Nikasubiri mpaka wateja wawili waondoke.

"Nimekuja kukuomba msamaha," nikasema.

"Ah, Frateri. Ilikuwa mbaya kweli," akajibu. "Nilikuwa na siku ya tisa kazini."

Akanieleza taratibu, huku mikono inafanya kazi. Meza si yake. Analipwa kwa idadi ya piza, na zinazochanika zinakatwa kwenye malipo yake. Anafunga saa saba usiku, asubuhi anakanda unga, kwa hiyo Misa ya kwanza anakuwa amelala kama gogo na ya pili anakuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Mwanzoni aliona aibu kuja amechelewa. Baadaye akaona aibu kwa kuwa hajaja siku nyingi. Mnajua aibu inavyojiongezea yenyewe.

Nikamwambia tena kwamba ninajuta kwa zile maksi.

"Tatu haikuniuma," akasema. "Siku ile ulipokuja nilikujua, nilikuona umevaa rozari mkononi, na picha zako ninaziona kwenye grupu. Nikakwambia, Tumsifu Yesu Kristo. Ulikuwa unapiga picha. Hukuitikia."

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka. Sikumbuki sauti yake hata kidogo. Nakumbuka yai.

Ndugu zangu, wengi wenu mmekulia kwenye mitaa ambako ukisema maneno yale mtu yeyote anaitikia. Unguja si hivyo, Wakatoliki ni wachache, na kijana aliye peke yake kwenye meza ya watu, amekaa siku tisa bila kusikia salamu ya nyumbani kwao, anapomwona mtu wa kanisani kwake halafu anaitoa kwa sauti ndogo, huo si mchezo. Ile ilikuwa sala. Ilikuwa inabisha hodi kwangu, na mimi nilikuwa natafuta pembe nzuri ya mwanga.

Nikaitikia pale pale. Milele amina. Imechelewa siku nne, nikamwambia. Akacheka kidogo, si sana.

Kuna jambo jingine alinisimulia, nalo linanisumbua kwa namna nzuri. Yule mzee wa tisa, jirani yake wa meza tatu hivi, alikuwa amemwona tangu siku ya kwanza. Kila usiku wakishafunga, mzee alikuwa anabaki nusu saa kumfundisha kuvuta unga bila kumlipisha chochote, kwa madonge yaliyobaki. Mzee ni Mwislamu, amekwisha sali Isha, ana mgongo unaouma, angeweza kwenda zake kulala. Orodha ya waliopotea ilikuwa mfukoni kwangu. Kijana alipatikana na mzee.

Nikaenda kumsalimu. "Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, padri mdogo." Kumbe alikuwa ananijua siku zote. "Huyu mtoto wenu mkono wake mzito, lakini moyo anao. Ataweza. Wewe usimtie haraka."

Wageni arobaini walifika Ijumaa iliyofuata. Mchana tulikwenda Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lile ambalo watu wa mji wanaliita Minara Miwili, nikawaeleza habari za mapadre wa kwanza waliofika Unguja mwaka 1860 wakitokea kisiwa cha Réunion. Tulikwenda pia Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, na pale nilinyamaza, kwa sababu kuna mahali binadamu walipangiwa bei na mimi nilikuwa nimetoka juzi tu kumpa mtu namba. Sisemi ni dhambi moja. Nasema nilinyamaza.

Jioni tukaenda Forodhani. Mzee alipika ishirini, kijana akapika ishirini, tulipanga hivyo na tajiri wake akakubali kwa kuwa hela ni hela. Za mzee zilikuwa bora. Nitasema kweli, hata kipofu angejua. Za kijana zilikuwa zinalika, mbili zilichanika na nikalipia mimi, na hakuna aliyekuta yai bichi. Kabla ya kuanza kula alisimama nyuma ya tava, akajifuta mikono kwa kitambaa, akawatazama wale watu wa bara wote na kusema ile salamu, safari hii kwa sauti ya besi. Watu arobaini wakaitikia kwa pamoja mpaka watalii wakageuka. Mzee akauliza, "Mnaitikia nini nyinyi?" Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye unga wake.

Dominika iliyofuata alikuwa kwenye Misa, amekaa nyuma kabisa, na ile iliyofuata pia. Ya tatu hakuja. Nikamaliza mafundisho nikaenda moja kwa moja chumbani kwake Jang'ombe, sikusubiri mara ya pili. Nilimkuta na beseni la unga lenye ukubwa wa ndoo mbili. Msimu wa wageni ulikuwa umeanza na tajiri alikuwa ameongeza idadi. Alitaka kujieleza. Nikamwambia aache, nikanawa, nikakunja mikono ya shati na kukaa chini.

Tuliongea muda mrefu, mengi si ya kuandika hapa. Alinifundisha kugawa madonge na kuyapaka mafuta. Nikaomba kujaribu kuvuta moja. Lilichanika. La pili likachanika vibaya zaidi, likabaki na tundu linaloweza kupitisha kichwa cha mtoto. Akaliangalia, akanyoosha mkono wenye unga akachomoa daftari kwenye mfuko wa shati langu, akalifungua mbele, kwenye ukurasa wa kwanza mtupu aliouona, akaandika: Frateri, 2.